Kikongwe wa Simbi na Masikio ya Wahakiki

Kuna kasumba moja katika uhakiki wetu ambayo haina budi kung'olewa. Kila mhakiki akutanapo na mwaguzi katika kazi ya fasihi, humtia chini ya dhamira ya "ushirikina", akapiga mstari, akaendelea na "nafasi ya mwanamke". Ni dai letu kwamba mtindo huo si uhakiki bali ni uvivu uliovikwa joho la usomi.

Tuchukue mfano wa Simbi Nyaima, ziwa dogo la magadi lililo karibu na Kendu Bay, Homa Bay. Masimulizi ya Waluo yanaeleza kwamba mahali hapo palikuwa na kijiji. Usiku mmoja, watu wakiwa katika pombe na ngoma, kikongwe mgeni alikuja kuomba hifadhi, akafukuzwa. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyempokea. Kikongwe akamwonya atoke kijijini pamoja na mumewe. Mume, alipoitwa kilabuni, alicheka. Mvua ikanyesha, na kijiji kikazama. Jina Nyaima lenyewe linataja kuzama huko.

Darasani hadithi hii hufungwa kwa funzo la ukarimu. Funzo hilo si la uongo, ila ni nusu ya hadithi. Ukarimu ulimfungulia mgeni mlango. Haukumtoa mwenyeji wake kijijini. Kilichomtoa ni uamuzi wa kulishika neno lisilo na ushahidi, tena mbele ya kicheko cha mume. Kikongwe yule hakuwa na kauri za kuagulia wala cheo cha ajuoga ambacho kingemtisha mtu. Mwanamke hakuamini cheo. Aliamini kile alichokihisi mwenyewe baada ya kuketi na mgeni wake na kumsikiliza.

Hapa wapinzani wetu watauliza: je, mnatetea waganga? La. Tunajua mwaka 2008 wazee 11 waliteketezwa katika nchi ya Wagusii kwa tuhuma za uchawi, na wengi wao walikuwa vikongwe. Lakini umati ule haukutenda kwa hisia ya mtu aliyeketi na jirani yake akamsikiliza. Ulitenda kwa uvumi. Tofauti kati ya mambo hayo mawili ni ya uhai na kifo, na mhakiki anayeyarundika yote chini ya neno "ushirikina" ndiye anayeshindwa kuionyesha.

Fasihi yetu, kinyume chake, inaionyesha vizuri. Katika "The Rain Came" ya Grace Ogot, iliyomo katika mkusanyo wa mwaka 1968, mwaguzi Ndithi anatangaza kwamba Oganda, binti wa mtemi, hana budi kutolewa kafara ziwani ili mvua inyeshe. Jamii nzima inaamini. Osinda peke yake anakataa, anamwokoa mpenzi wake, na mvua inanyesha. Je, Ndithi alikosea? Mwandishi hasemi. Anatuachia mzigo wa kuamua, nasi tunakimbilia orodha ya dhamira ili tusiubebe.

Ebrahim Hussein naye, katika Kinjeketile ya mwaka 1969, anatuletea mwaguzi anayeaminiwa kupita anavyojiamini mwenyewe. Kinjeketile anaanza kulitilia shaka neno alilolileta, lakini wafuasi wake wamekwisha kulichukua, nalo halirudi tena mikononi mwake. Hapo msiba hauletwi na kutoaminiwa. Unaletwa na watu kuacha kupima. Mkasa wa Simbi na mkasa wa Kinjeketile ni pande mbili za swali lile lile: ni lini nimwamini anenaye, na ni lini nijiamini mimi?

Swali hilo linatuhusu sisi walimu kabla ya kuwahusu waaguzi. Mwanafunzi wa Ogwedhi, kule Migori, amelelewa na bibi aliyemsimulia habari za Simbi. Anapoisoma hadithi hiyo anahisi kwamba kiini chake kimo katika kile kicheko cha mume. Lakini mwongozo wa mtihani unasema "ukarimu", naye anafuta alichoandika na kuandika ukarimu. Tumemfundisha kuuendea mwongozo kama watu wanavyouendea ubao wa ramli: jibu linatoka kwa mwenye ubao, naye kazi yake ni kupokea.

Hatusemi kwamba kila hisia ya msomaji ni sahihi. Hisia ni lazima irudishwe kwenye matini, ipimwe kwa neno na tukio, na iachwe ikishindwa. Lakini haiwezi kupimwa ikiwa imekwisha kuchekwa. Mume wa Simbi hakukosa ushahidi; alikosa subira ya kusikiliza kwanza. Mhakiki asiyekuwa na subira hiyo naye yumo kilabuni, na mvua imekwisha kuanza.