KIOO KIKIZIMA, USIIHUKUMU MASHINE

Safu ya Ufundi wa Nyumbani



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, mwezi huu tumeona tuzungumzie jambo ambalo limetuletea masuali mengi, kutoka Riyadh na kutoka Jeddah: kompyuta mpakato, ambayo wengi wetu huiita laptopu, iliyozima kioo, au iliyopiga mistari, au inayopepesa kama kibatari kilichokaribia kwisha mafuta.

Kilichotusukuma kuandika ni kisa cha mama mmoja wa hapa Jeddah. Mumewe ni dereva wa masafa marefu, hukaa njiani wiki mbili au tatu. Binti yao yumo katika mwaka wa mwisho wa sekondari, na mashine hiyo ndiyo pekee iliyomo nyumbani. Siku moja kioo kikawa cheusi. Mama akaipeleka kwenye duka moja, akaiacha pamoja na neno la siri, na baada ya siku mbili akaambiwa kwamba bodi kuu imekufa na matengenezo ni riyali 850. Kwa wenzetu walioko huku mahjar hakuna haja ya kueleza uzito wa fedha hizo. Ada ya wategemezi ilianza Julai 2017 kwa riyali 100 kwa mwezi kwa kila mtu, ikawa inapanda kila mwaka hadi ikafika riyali 400 Julai 2020. Riyali 850, basi, ni ada ya mwezi mzima ya mama na binti yake, na inayobaki ni ya mkate.

Mama alikataa, akaichukua mashine yake, akatuletea kwa mkono wa kijana wake mdogo. Tuliiunga na televisheni ya sebuleni kwa waya wa HDMI, na picha ikatokea safi. Bodi iliyokufa haitoi picha. Kisha tukafungua kifuniko taratibu: kilipofika robo ya njia, kioo kikawaka, kilipozidi hapo, kikazima. Waya unaopita ndani ya bawaba ulikuwa umelika. Waya mpya na kazi ya fundi havikufika riyali 150.

Hatusemi kwamba fundi wa kwanza alikusudia kudhulumu, huenda hakupima. Lawama nyingine ni yetu wenyewe. Mara ya mwisho tulipogusia jambo hili katika safu hii tulisema kwa ufupi tu: "Kioo kikiharibika, mpelekeeni fundi." Ushauri huo ulikuwa pungufu, na leo twautimiza.

KIOO KIMEUNDWAJE

Tabibu hawezi kutaja ugonjwa asiyekijua kiungo. Kile tunachokiita kioo ni mambo kadhaa yaliyopangwa pamoja. Nyuma kabisa kuna taa. Mbele ya taa kuna vioo viwili vyembamba vilivyobana kimiminika cha fuwele, ambacho hupitisha mwanga au huuzuia, na hapo ndipo picha inapochoreka. Kutoka hapo hutoka waya mwembamba unaopita katika bawaba hadi kwenye bodi kuu, na bodi hiyo ndiyo inayotengeneza picha. Washukiwa wetu, kwa hiyo, ni wanne: taa, kioo chenyewe, waya na bodi. Anayehukumu kabla ya kuwasikiliza wote wanne amehukumu kwa dhana.

Mashine za zamani, za kabla ya mwaka 2009 au 2010 hivi, ziliwashwa kwa taa ya mrija mwembamba wenye zebaki ndani, na kifaa kidogo kilichoipa umeme wa mamia ya volti. Mwenye mashine ya namna hiyo asiifungue mwenyewe. Za siku hizi hutumia taa ndogo za LED, ambazo umeme wake ni mdogo zaidi.

VIPIMO VYA NYUMBANI

Vipimo vifuatavyo havihitaji bisibisi. Mama wa nyumba aweza kuvifanya, na mtoto wa miaka 12 aweza kumsaidia.

Kwanza, hakikisheni mashine i hai. Washeni, kisha msikilize feni na mtazame taa ya kitufe cha herufi kubwa, kama mashine yenu inayo, iwapo inawaka na kuzima inapobonyezwa. Ikiwa hai, tatizo limo katika njia ya picha. Ikiwa kimya kabisa, tatizo si la kioo.

Pili, ongezeni mwanga. Tumewahi kuletewa mashine "iliyokufa" ambayo mtoto alikuwa amepunguza mwanga hadi mwisho kwa vitufe vya juu.

Tatu, toeni umeme wote uliobaki. Zimeni mashine, chomoeni chaja, toeni betri ikiwa ya kutoka, kisha mbonyeze kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30. Rudisheni, mwashe. Mara nyingine mashine huwa imeduwaa tu.

Nne, mulikeni kwa tochi. Katika chumba chenye giza, elekezeni tochi ya simu kwenye kioo kwa upande. Mkiona picha hafifu kama kivuli, basi kioo na bodi vinafanya kazi, ila taa ya nyuma imezima. Hapo tatizo ni taa, au fyuzi yake ndogo katika bodi, au waya.

Tano, iungeni na televisheni. Hiki ndicho kipimo kikuu. Kwa mashine za Windows bonyezeni kitufe cha Windows pamoja na herufi P, mchague kurudufisha picha. Picha ikiwa safi kwenye televisheni, tatizo limo katika kioo, taa au waya. Mistari ile ile ikitokea na kwenye televisheni, tatizo ni bodi au programu. Ili kutenganisha hayo mawili, washeni upya na mwingie katika ukurasa wa mwanzo wa mipangilio uitwao BIOS. Mistari ikionekana hata huko, programu haina hatia.

Sita, chezesheni kifuniko. Kifungueni na kukifunga taratibu. Picha inayokuja na kuondoka kwa kufuata pembe ya kifuniko ni dalili ya waya. Jambo hili huzipata hata mashine za bei kubwa: mwaka 2019 kampuni ya Apple ilifungua mpango wa kutengeneza bila malipo baadhi ya MacBook Pro za inchi 13 za mwaka 2016 ambazo taa zao za nyuma zilikuwa na kasoro.

Saba, ondoeni sumaku. Ndani ya mashine kuna kihisi kinachojua kwamba kifuniko kimefungwa kwa kuguswa na sumaku ndogo. Bangili yenye sumaku au mfuko wa simu wenye kishikizo cha sumaku, ukiwekwa karibu na vitufe, waweza kukizima kioo kizima.

Ama mistari ya wima isiyoondoka hata kifuniko kikichezeshwa, na ambayo haionekani kwenye televisheni, mara nyingi ni ya kioo chenyewe, na kioo hicho hakitengenezeki, hubadilishwa. Vivyo hivyo doa jeusi kama wino uliomwagika: hapo kioo cha ndani kimepasuka.

KIKIBIDI KIOO KIPYA

Msinunue kwa jina la mashine peke yake, kwa sababu mashine za jina moja huweza kuwa na vioo tofauti. Nyuma ya kioo pana kibandiko chenye namba. Inayoanza na B156 huwa ya AU Optronics, N156 ya Innolux, zote za Taiwan. LP156 ni ya LG Display ya Korea, na NV156 ya BOE ya China. Ile 156 ni inchi 15.6. Tazameni pia idadi ya pini za kiungio, kwani kuna za 30 na za 40, na ukali wa picha, ama 1366 kwa 768 ama 1920 kwa 1080. Andikeni namba hiyo kwenye karatasi kabla ya kwenda kwenye maduka ya Olaya kule Riyadh au ya Barabara ya Falastin hapa Jeddah. Mnunuzi mwenye namba mkononi huzungumzishwa kwa namna nyingine.

Kwa vijana wetu wanaojifunza kazi hii, tunawasisitizia jambo moja: tenganisheni betri na bodi kabla ya kugusa kiungio cha kioo. Wengi huchomoa na kuchomeka kioo ilhali betri imeungwa, umeme ukaruka pini, fyuzi ya taa ikaungua, na kazi ya nusu saa ikawa ya kuchomelea chini ya hadubini. Aidha, kijaribuni kioo kipya kabla ya kurudisha fremu na gundi.

AMANA

Hapa ndipo penye uzito zaidi kuliko riyali. Mashine ya nyumbani si chombo cha kazi tu. Humo mna picha za mama zetu na binti zetu bila ya mitandio, picha za nikahi, nakala za iqama na pasi, na barua za watu. Kumkabidhi mtu asiyejulikana mashine hiyo pamoja na neno la siri ni sawa na kumkabidhi ufunguo wa nyumba na kumwambia kwamba wenyewe hatumo. Tatizo la kioo halihitaji neno la siri. Kioo huonekana kimepona hata kwenye ukurasa wa kuingilia. Fundi akiling'ang'ania, muulizeni sababu. Ikiwezekana, toeni diski ya kuhifadhia kabla ya kuipeleka mashine, au mmoja wenu akae hapo hapo mpaka kazi iishe. Mama yule, alipoulizwa ni kipi kilichomuumiza, hakuzitaja riyali 850. Alizitaja siku mbili ambazo mashine ililala huko na neno la siri limeandikwa juu ya kifuniko.

Na kwa mafundi walio miongoni mwetu, tunakumbushana kisa mashuhuri kilichopokewa katika Sahih Muslim, cha Mtume (s.a.w.) kupita sokoni penye rundo la chakula, akatia mkono ndani akakuta umajimaji. Mwenye bidhaa alisema kuwa ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini asikiweke kilicholowa juu watu wakakiona, na akakanya kwamba mwenye kughushi si katika watu wake. Kuuza kioo kilichotumika kwa bei ya kipya, au kutaja bodi pale palipo waya, ni kuficha chakula kilicholowa. Fundi aliyebadilisha kitu na ampe mteja kile cha zamani mkononi. Hilo ni jambo dogo, na huleta imani kubwa.

KINGA

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Jua la hapa ni adui wa kwanza. Watengenezaji wengi huandika kuwa mashine itumike mahali pasipozidi nyuzi 35 za Selsiasi; gari lililofungwa mchana wa Julai, Riyadh au Jeddah, hupita hapo mbali. Kioo kikipata joto kali huweza kupiga weusi. Kiacheni kipoe kivulini kabla ya kukiwasha. Kwa wa Riyadh, fungeni kifuniko wakati wa vumbi, na mfute kioo kwa kitambaa laini chenye unyevu mdogo, kamwe si kwa kukinyunyizia maji. Kwa wa Jeddah, unyevu wa bahari huula waya na viungio. Msiiweke mashine mbele ya dirisha la usiku kucha.

Msifunge kifuniko juu ya kalamu, tasbihi au kipande cha kuzibia kamera. Apple yenyewe iliwatahadharisha wateja wake juu ya vizibo hivyo mwaka 2020. Msinyanyue mashine kwa kushika kioo.

Na kwa wanaosafiri kwenda Unguja, Mombasa au Dar es Salaam: mashine na isafiri katika mkoba wa mkononi, haswa kwa sababu ya betri yake, na pia kwa sababu sanduku hubebeshwa masanduku mengine. Vioo vingi vya zawadi hufika nyumbani vimepasuka, na furaha ya mpokeaji ikageuka kuwa safari ya kwenda Darajani au Kariakoo kutafuta fundi.

Ndugu zetu, mnakumbuka Agosti 2020, skuli zilipofunguliwa kwa njia ya mtandao kupitia jukwaa la Madrasati, na nyumba yenye watoto watatu ikawa na kioo kimoja. Tuliona wakati huo kuwa mashine ya nyumbani ni madrasa, na kuzimika kwake ni mtoto kukosa somo. Kwa hiyo tunapendekeza kila mtaa wetu uwe na mtu mmoja mwenye waya wa HDMI na tochi, apime kabla ya mwenzake kulipa. Ni sadaka nyepesi, na nusu saa yatosha.

Binti wa mama yule amerudi kwenye masomo yake. Mwombeeni, pamoja na watoto wetu wote, tawfiki katika mitihani. Mwezi ujao, inshaAllah, tutazungumzia betri zinazovimba. Masuali yenu mtupatie kwa njia ya kawaida, baada ya darsa.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.