Nishati Safi ya Kupikia: Uendelevu Unapopimwa kwa Kopo la Mkaa

Mei 8, 2024, Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mheshimiwa Dkt. Samia Suluhu Hassan, alizindua jijini Dar es Salaam Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034. Lengo lake ni kuhakikisha kuwa ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wanatumia nishati safi ya kupikia. Takwimu za Serikali zilizotumika kuandaa mkakati huo zilionesha kuwa mwaka 2021 waliokuwa wakitumia nishati hiyo ni asilimia 6.9 tu. Ukubwa wa kazi iliyopo unaonekana katika pengo hilo, na sehemu kubwa ya kazi hiyo inapaswa kufanyika jikoni, mahali ambapo maamuzi hufanywa kila siku kwa fedha iliyopo mkononi.

Neno "endelevu" limezoeleka katika hotuba na nyaraka kiasi kwamba wananchi wengi hulisikia bila kuliona. Maana iliyoenezwa na Tume ya Dunia ya Mazingira na Maendeleo mwaka 1987 ni kukidhi mahitaji ya kizazi cha sasa bila kuvinyima vizazi vijavyo uwezo wa kukidhi mahitaji yao. Kwa mkaa, jambo hilo halihitaji falsafa: mti unakatwa kwa siku moja, unachomwa kwa wiki chache, na kuotesha mwingine wa ukubwa huo huchukua miaka mingi.

Tanuri la udongo la kienyeji hutumia takriban tani sita hadi kumi za kuni ili kupata tani moja ya mkaa. Sehemu kubwa ya nishati ya mti hupotelea hewani kabla gunia halijafungwa. Utafiti wa Benki ya Dunia wa mwaka 2009 ulikadiria kuwa miji ya Tanzania ilitumia karibu tani milioni moja za mkaa kwa mwaka, na nusu yake ilikwenda Dar es Salaam. Kwa hesabu hiyo, jiji hilo peke yake lilihitaji kati ya tani milioni tatu na tano za miti kila mwaka, na tangu wakati huo idadi ya wakazi wake imeongezeka sana. Takwimu za Serikali zinaonesha kuwa nchi hupoteza zaidi ya hekta 469,000 za misitu kwa mwaka. Haki inataka isemwe kwamba mkaa haubebi lawama yote, kwa kuwa upanuzi wa mashamba ni sababu kubwa pia, na mara nyingi mambo hayo mawili hufuatana: mti huchomwa mkaa, kisha mahindi hupandwa palipokuwa na kisiki.

Upande wa afya, Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Kwa Tanzania, Serikali imekuwa ikitaja makadirio ya watu 33,000 kwa mwaka. Wengi wa walio hatarini ni wanawake na watoto wadogo, kwa sababu ndio wanaokaa karibu na jiko.

Ikiwa madhara haya yanajulikana, kwa nini mkaa unaendelea kutawala mijini? Jibu rahisi ni mazoea, na mara nyingi huongezewa kwamba ubwabwa wa mkaa una ladha yake. Jibu lenye uzito zaidi liko kwa muuzaji wa rejareja wa mtaani. Mkaa hununuliwa kwa kopo au kisado, kwa kiasi cha mlo mmoja au wa siku moja, na mteja anayefahamika huweza hata kukopeshwa. Mtungi wa gesi hauuzwi hivyo. Hata ule mdogo wa kilo 6 hutaka fedha yote kwa mara moja, na kwa kaya inayoishi kwa kipato cha kutwa fedha hiyo haipatikani kwa wakati mmoja, ingawa kwa mwezi mzima kaya hiyo hiyo inaweza kuwa imetumia zaidi katika mkaa, hasa wakati wa masika ambapo barabara huharibika na bei hupanda. Familia yenye kipato kidogo, kwa maneno mengine, hulipa ghali kwa sababu hulipa kidogo kidogo.

Kwa mtazamo huo, hatua ya Serikali kupitia Wakala wa Nishati Vijijini (REA) kusambaza zaidi ya mitungi 450,000 ya kilo 6 kwa ruzuku ya hadi asilimia 50 imegusa kikwazo halisi, yaani gharama ya kuanza. Kikwazo cha pili kinabaki: kuujaza mtungi tena. Mtungi uliokwisha gesi na kuwekwa kona ya chumba bado huhesabiwa miongoni mwa mitungi iliyosambazwa, ilhali chakula cha jioni kimerudi kwenye mkaa. Ndiyo maana teknolojia ya mita ya gesi inayomwezesha mteja kulipa kadri anavyotumia, kwa kiasi kidogo kupitia simu, inastahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Inaiuza gesi kwa namna ambayo mkaa umekuwa ukiuzwa siku zote.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Gesi ya mitungi si ile inayochimbwa Songo Songo na Mnazi Bay. Gesi asilia husafirishwa kwa bomba, hutumika zaidi kuzalisha umeme na viwandani, na imefika katika nyumba chache tu za Dar es Salaam, Lindi na Mtwara. Gesi ya mitungi kwa sehemu kubwa huagizwa kutoka nje, hivyo bei yake hufuata soko la dunia na thamani ya shilingi.

Umeme hauna udhaifu huo kwa kiwango kilekile. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115, limeongeza sana uwezo wa nchi kuzalisha. Sufuria ya presha ya umeme huweza kuivisha maharage ya familia kwa chini ya uniti moja. Kwa bei zilizoanza kutumika mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Hakuna kopo la mkaa linaloshindana na bei hiyo.

Tatizo ni kwamba wapangaji wengi wa mijini hawamo katika kundi hilo. Nyumba yenye vyumba sita na mita moja ya LUKU huvuka uniti 75 kabla mwezi haujafika katikati, na bei ya uniti hupanda karibu mara tatu au zaidi, wakati kila chumba kikiwa ni kaya ya kipato cha chini. Mpangaji anayepika kwa umeme katika mazingira hayo hugombana na majirani kuhusu mchango wa LUKU, na baadhi ya wenye nyumba hupiga marufuku jiko la umeme moja kwa moja. Utekelezaji wa mkakati utalazimika kulitazama suala la mita za wapangaji, vinginevyo unafuu uliowekwa kwa ajili ya mwananchi wa kipato cha chini utaendelea kumpita mlangoni.

Kwa taasisi, njia imekuwa nyepesi kiasi. Aprili 2023 Serikali ilizielekeza taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku kuacha kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024, na zinazolisha zaidi ya 300 ifikapo Januari 31, 2025. Taasisi ina bajeti na msimamizi anayeweza kuulizwa, kaya haina. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 1, 2019 ilifanikiwa mitaani kwa sababu mfuko mbadala ulipatikana gengeni kwa bei ambayo mnunuzi aliiweza. Mkaa haujafikia hatua hiyo.

Yupo pia mchomaji. Katika Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, vijiji vilivyoingia katika mradi wa mkaa endelevu ulioanza mwaka 2012 vilitenga sehemu ya msitu wao na kuigawa katika vitalu vya mita 50 kwa 50, vinavyovunwa kwa kupishana katika mzunguko wa miaka 24, visiki vikiachwa vichipue. Ushuru ulibaki kijijini na kujenga madarasa na huduma nyingine. Mfano huo unaonesha kuwa mkaa utakaoendelea kutumika katika kipindi hiki cha mpito unaweza kutoka mahali panapojulikana, tofauti na unaosafirishwa usiku kukwepa vizuizi.

Kwa kaya ambayo bado iko kwenye mkaa, nafuu ya haraka ipo: jiko banifu, sufuria iliyofunikwa, maharage yaliyolowekwa tangu usiku, jiko kuwashwa mahali penye hewa. Mkaa mbadala nao huokoa miti, ingawa ule unaotengenezwa kwa makaa ya mawe hutegemea madini yasiyoota tena, tofauti na unaotokana na pumba na mabaki ya mazao.

Katika miaka iliyosalia kabla ya 2034, taarifa za utekelezaji zitatolewa mara kwa mara, na huenda nyingi zikaanza na idadi ya mitungi na majiko yaliyogawiwa. Takwimu itakayoeleza zaidi ni ya mitungi iliyojazwa mara ya pili, ya tatu na ya kumi, na katika mitaa ipi.