Tusisingizie Jua Kabla ya Kutazama Mbaazi

Wahenga walisema kuwa mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Msemo huu umetujia akilini kwa sababu ya lalamiko linalosikika siku hizi karibu katika kila baraza hapa visiwani: kwamba intaneti ni mbovu, kwamba picha katika televisheni huganda kila mara, na kwamba makampuni yanakula fedha za wananchi bure. Lalamiko hilo si la kupuuzwa. Lakini ni wajibu wetu kusema ukweli hata kama utawaudhi baadhi ya wasomaji: mara nyingi jua halina kosa.

Visiwa hivi si vigeni kwa televisheni. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu nusu ya kwanza ya miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara ilingoja mpaka miaka ya 1990. Sisi tuliokua katika miaka ya 1980 tunakumbuka kuwa picha ikiharibika, kijana wa nyumba alipanda juu akaizungusha antena, na waliokaa chini wakampigia kelele, "Bado! Bado! Hapo hapo!" Hakuna aliyemlaumu mrushaji matangazo kabla antena haijaguswa. Leo katika nyumba nyingi mahali pa antena pamechukuliwa na ruta, pamoja na kifaa kidogo, mfano wa Chromecast, kilichochomekwa nyuma ya televisheni. Mawimbi yamebaki kuwa mawimbi. Kilichopotea ni ile tabia ya kuanza kutafuta kosa ndani ya nyumba.

Tumchukue mzee mmoja mstaafu, jirani yetu wa Mji Mkongwe. Picha zilipoganda, alipandisha malipo yake ya mwezi ili apate kasi kubwa zaidi. Zikaganda. Akanunua kifaa kipya. Zikaganda. Wajukuu wake, waliokuwa wakifuata masomo kwa njia ya video, wakawa wanaona mwalimu amefumbua mdomo na maneno hayatoki. Alipokuja kijana mwenye ujuzi, ilidhihirika kuwa ruta ilikuwa imewekwa juu ya kabati la chuma, na kati yake na televisheni palikuwa na kuta mbili. Pensheni ya mzee ilikuwa imelipa kwa miezi kadhaa kasi ambayo haikuweza kuvuka chumba.

Hapana budi tueleze jambo lenyewe lilivyo. Picha husafiri kwa vituo vitatu: kutoka kwa kampuni mpaka kwenye ruta, kutoka kwenye ruta mpaka kwenye kifaa kwa njia ya hewa, na kutoka kwenye kifaa mpaka kwenye televisheni. Kila kituo hupimwa peke yake. Mwananchi azime bando la simu yake, aiunganishe simu na waifai ya nyumbani, asimame karibu na ruta, apime kasi. Kisha apime tena mbele ya televisheni. Ikiwa kasi ni nzuri hapo kwanza na imeanguka hapo pili, kosa limo ndani ya nyumba, wala kupandisha malipo hakutaliondoa. Ifahamike pia kuwa mahitaji si makubwa kama watu wanavyodhani. Netflix yenyewe hupendekeza megabiti 5 kwa sekunde kwa picha safi ya kawaida, na megabiti 15 kwa ile ya daraja la juu kabisa.

Ruta nyingi za siku hizi hutoa mawimbi ya namna mbili. Yale ya gigahezi 2.4 huenda mbali na hupenya ukuta kwa kiasi, lakini kasi yake ni ndogo. Yale ya gigahezi 5 yana kasi kubwa, lakini huchoka upesi mbele ya kizuizi. Katika Mji Mkongwe, ambako kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hufikia unene wa nusu mita na zaidi, mawimbi ya gigahezi 5 mara nyingi hufia ukutani. Dawa yake ni kuisogeza ruta mahali pa wazi na pa juu, mbali na chuma na vioo vikubwa, au kuvuta waya mpaka sebuleni. Waya wa mtandao hufanya kazi vizuri kwa umbali wa mita 100, na hakuna nyumba ya kawaida inayouzidi. Ila waya upite katika njia zilizopo. Mji huu umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na kuta zake hazitobolewi ovyo bila ya idhini ya Mamlaka ya Uhifadhi.

Ukienda Michenzani, katika yale majumba marefu ya ghorofa ya miaka ya 1970, mambo hugeuka. Huko adui si unene wa ukuta tu bali pia wingi wa majirani. Katika mawimbi ya gigahezi 2.4 njia zisizoingiliana ni tatu tu: ya 1, ya 6 na ya 11. Familia nyingi zikiwasha ruta saa mbili za usiku, ni sawa na watu mia kuzungumza kwa pamoja katika chumba kimoja. Tena maikrowevu ya jikoni hutoa mawimbi karibu na hayo hayo. Mkaazi wa huko atafaidika akitumia gigahezi 5, kwa maana udhaifu wake wa kutopenya ndio unaomkinga na ruta ya jirani. Lakini aangalie kwanza kifaa chake: Chromecast ya mwanzo, ya mwaka 2013, haikujua ila gigahezi 2.4.

Yako na makosa madogo yanayowapotezea watu fedha. Simu na kifaa havionani kwa sababu simu imeunganishwa na mtandao wa wageni na kifaa kiko katika mtandao wa wenyeji. Kifaa hujizima na kujiwasha kwa kuwa kinapata umeme kutoka katika tundu la televisheni, nao hautoshi, kichomekwe ukutani. Na umeme ukikatika kisha ukarudi, kifaa huamka kabla ya ruta na kukata tamaa. Iwashwe ruta kwanza, ingojwe dakika tatu, ndipo kiwashwe kifaa.

Haya yote hayana maana kwamba makampuni hayana lawama. Jua nalo lina siku zake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na nchi nyingi za Afrika Mashariki zikakosa huduma kamili. Siku hiyo hapakuwa na ruta ya kusogezwa. Vile vile, ikiwa kasi iliyopimwa kando ya ruta ni nzuri alfajiri na mbaya kila baada ya Isha, hiyo ni dalili kwamba kampuni imeuza zaidi ya inachoweza kutoa. Mwananchi aandike saa na vipimo vyake kwa muda wa wiki moja, kwani lalamiko lenye hesabu ni zito kuliko lalamiko la barazani.

Kwa viongozi wetu tuna mambo matatu. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iwatake wauzaji waandike katika mikataba, kwa Kiswahili kinachoeleweka, kasi inayotarajiwa katika saa za msongamano, si ile ya juu kabisa peke yake. Wizara zinazojenga nyumba za wananchi ziweke mabomba ya nyaya za mtandao ndani ya kuta tangu ramani inapochorwa, kama zinavyofanya kwa umeme na maji. Na vituo vya mafunzo ya amali vifundishe vijana ufundi huu, ili mzee mstaafu apate fundi wa kumtafutia kosa kabla hajapata mchuuzi wa kumuuzia kifaa.

Kila mmoja na atimize sehemu yake. Mwananchi autazame kwanza mbaazi wake. Akishaona kuwa hauna wadudu na udongo wake una maji, hapo ana haki kamili ya kulitaka jua litoe hesabu, na wenye mamlaka wana wajibu wa kumsikiliza.