Timu za Kisumu zichague chipukizi gani wa magongo?

Kila michezo ya shule za sekondari ya muhula wa kwanza inapomalizika, swali lilelile huzuka miongoni mwa wapenzi wa mpira wa magongo hapa Kisumu: nani asajiliwe? Mmoja atakutajia mshambulizi aliyefunga mabao kuliko wote katika kanda ya Nyanza. Mwingine anamtaka beki mrefu mwenye shuti kali. Wa tatu ataona hakuna haja ya kusumbuka, tuchukue tu wachezaji wa shule iliyotwaa kombe.

Kwa timu yenye mfadhili, mjadala huu ni gumzo la jioni tu. Kwa timu kama Lakers, akina dada wa Kisumu ambao hulazimika kusafiri zaidi ya kilomita 300 kila wanapocheza Nairobi, nafasi moja ya usajili ikipotea ni hasara ya msimu mzima. Kwa msichana mwenyewe uzito ni mkubwa zaidi. Kuchaguliwa kunaweza kumfungulia njia ya chuo au ya kazi. Kuachwa, mara nyingi, ni mwisho wa mchezo. Anarudi nyumbani baada ya Kidato cha Nne na gongo linarudishwa shuleni kwa sababu halikuwa lake.

Kwa maoni yangu, timu zetu zimezoea kumchagua aliyeng'aa leo. Zingefaidika zaidi zikimchagua ambaye bado ana nafasi ya kukua, na ambaye zina uwezo wa kukaa naye angalau miaka mitatu.

Tuanze na hali ilivyo. Katika magongo ya barafuni huko Marekani na Kanada, timu 32 za ligi ya NHL huchagua chipukizi kila mwaka kwa zamu, raundi saba, na timu dhaifu hupewa nafasi nzuri ya kutangulia. Kenya hatuna utaratibu huo. Hapa mwenye nacho ndiye anayechagua kwanza. Kenya Police wana ajira. Vyuo vikuu vyenye timu, kama Strathmore na USIU, vina masomo. Butali wana jina la kiwanda cha sukari nyuma yao. Kwa miaka mingi Telkom, ambao sasa wanaitwa Blazers, walikuwa kilele cha ndoto ya kila msichana mwenye gongo, na walitwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika mara nyingi.

Klabu ya jamii ya Kisumu haina kazi wala karo ya chuo ya kumwahidi mtu. Kwa hiyo ikiwania nyota yuleyule anayetazamwa na wenye pesa, kuna mawili: itamkosa, au itampata kwa msimu mmoja kisha aondoke. Hatumlaumu anayeondoka. Binti wa mvuvi wa Dunga akipewa ajira ya serikali, ni nani atakayemwambia abaki kwa ajili ya mapenzi ya nyumbani? Lakini timu inayojua kwamba huchagua baada ya wengine inapaswa kuwa na jicho la kuona walichokosa kuona wengine.

Na wanakosa kuona mengi, kwa sababu michezo ya shule huweza kudanganya macho. Jambo la kwanza ni umri. Sote tunajua tatizo la vijeba, na sirudii hadithi hiyo. Hata pale ambapo hakuna udanganyifu wowote, mwanafunzi aliyemzidi mwenzake miezi kumi hivi huwa na nguvu na mbio zaidi katika umri ule, nasi huita hilo kipaji. Mwaka 1985 mtafiti Roger Barnsley na wenzake walionyesha jambo hili katika magongo ya barafuni ya Kanada. Wachezaji waliofika ngazi za juu walikuwa wengi mno waliozaliwa miezi ya kwanza ya mwaka, kwa kuwa utotoni walipangwa kundi moja na waliozaliwa Novemba na Desemba, wakaonekana bora, wakapewa makocha bora na mechi nyingi zaidi. Tofauti ndogo ya miezi ikageuka tofauti kubwa ya mafunzo.

Hata wenye wachunguzi wa kulipwa hukosea. Mwaka 1993 timu ya Ottawa ilimchagua Alexandre Daigle wa kwanza kabisa, na hakufikia hata karibu ya yaliyotarajiwa. Pavel Datsyuk alichaguliwa wa 171 mwaka 1998. Kipa Henrik Lundqvist alichaguliwa wa 205 mwaka 2000, na miaka sita baadaye alikuwa langoni Sweden ilipotwaa dhahabu ya Olimpiki. Ikiwa watu waliofuatilia vijana kwa miaka walipitwa na hao, sisi tunaoamua kwa wiki moja ya mashindano tunajiamini kwa msingi gani?

Jambo la pili ni uwanja, na hapa ndipo tumeumia zaidi kama nchi. Timu ya wanaume ya Kenya ilimaliza ya sita katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, na ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona 1971. Nahodha Avtar Singh Sohal na wenzake walikuwa mabingwa wa nyasi za kawaida. Mwaka 1976, Olimpiki ya Montreal ikawa ya kwanza kuchezewa magongo kwenye nyasi bandia. Kenya haikuwepo kwa sababu ya mgomo wa nchi za Afrika, na mwaka 1980 tulisusia Moscow pia. Dunia ilibadilisha uwanja tukiwa nyumbani. Tulirudi Los Angeles 1984 na Seoul 1988, na tangu Seoul timu ya wanaume haijaonekana tena Olimpiki.

Watoto wetu wengi wa kandokando ya ziwa wangali wanajifunzia kwenye nyasi za kawaida, na pengine kwenye udongo mtupu. Pale mpira huruka ovyo. Anayefanikiwa ni mwenye kuupiga kwa nguvu mbele na kuukimbilia. Ndiye anayefunga mabao manne na kubebwa mabegani. Mpeleke kwenye nyasi bandia, mpira unateleza kasi na sawasawa, mabeki wanapasiana kwa utulivu, na mbio zake hazimfikishi popote. Kumbuka pia kwamba bao halikubaliwi mpaka mpira uguswe na mshambulizi ndani ya nusu duara, mita 14.63 kutoka langoni. Shuti la mbali linaloshangiliwa na umati si kitu lisipomkuta mtu ndani ya eneo hilo.

Basi mtazame nani? Kwanza, mtazame anayepokea mpira ukatulia hata uwanja ukiwa mbovu. Mikono inayotuliza mpira kwenye mashimo itautuliza kwa urahisi kwenye zulia. Pili, mtazame anayeinua kichwa kabla mpira haujamfikia. Huyo anajua atakachofanya. Tatu, mtazame baada ya kosa. Amenyang'anywa mpira: je, anarudi kuusaka au anainua mikono kumlalamikia mwenzake? Nne, mwelekeze jambo moja wakati wa mapumziko, kisha uone kama amelijaribu katika robo inayofuata. Mechi ina robo nne za dakika 15, kwa hiyo kocha ana nafasi tatu za kumpima mtu uwezo wa kujifunza. Hakuna kombe litakaloonyesha hilo.

Makipa nao wana hesabu yao. Vifaa vya kipa ni ghali, na shule nyingi huvaa seti moja iliyochakaa kwa zamu. Kwa hiyo makipa tunaowaona ni wale tu waliobahatika kuvaa. Mimi ningetembelea pia mechi za mpira wa mikono, nimtafute msichana asiyeogopa mpira unaomjia usoni. Mengine atafundishwa.

Wapo watakaouliza: kwa nini tusiende moja kwa moja Sinyolo ya Kisumu au Nyamira ya Siaya, shule zilizojijengea jina kwa magongo ya wasichana? Twende, ndiyo. Makocha wa shule hizo wamefanya kazi ambayo klabu zetu zingeona haya kuilinganisha na yao. Lakini mchezaji wa shule bingwa tayari amefundishwa kwa miaka, na amezungukwa na wenzake wazuri wanaomrahisishia kazi. Yule wa shule iliyotolewa siku ya kwanza, anayecheza kiungo peke yake huku timu yake ikifungwa matano, ameonekana kwa dakika 60 tu. Akiwa amekaribia kiwango cha bingwa bila mafunzo ya bingwa, nani kati yao ana safari ndefu zaidi mbele?

Kuna sababu mpya ya kuharakisha mawazo haya. Mfumo wa elimu umebadilika. Kidato cha Kwanza cha mwisho kiliingia Januari 2024, mwaka 2025 shule za sekondari hazikupokea wanafunzi wapya, na mwaka 2026 zimepokea Gredi ya 10. Wasichana wengi wa huku hushika gongo kwa mara ya kwanza wanapoingia sekondari. Zamani walikuwa na miaka minne ya kujifunza. Sasa ni mitatu, na wanaanza wakiwa wakubwa kidogo. Gredi ya 7 hadi 9 ziko kwenye mazingira ya shule za msingi, ambako gongo ni nadra kuonekana. Samaki mkunje angali mbichi, wahenga walisema, nasi tumeongeza mwaka mmoja wa kumkausha.

Maana yake ni kwamba mhitimu wa Gredi ya 12 atafika klabuni akiwa na mafunzo pungufu kuliko dada zake waliomtangulia. Klabu inayosubiri mchezaji aliyeiva itasubiri sana. Inayokwenda Gredi ya 8 na magongo kumi ya kuazima itakuwa imejichagulia kabla ya wenye pesa kuamka. Mfumo huo huo una mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, kwa hiyo mzazi anaweza kuelezwa kwamba michezo ni masomo. Huko nyuma hatukuwa na hoja hiyo.

Najua pingamizi. Ligi haina huruma kwa mipango ya miaka mitatu. Timu ikishuka daraja, hao chipukizi watachezea wapi? Ni kweli. Ndiyo maana sisemi nafasi zote ziwe za watoto. Timu ikiwa na nafasi sita, mbili ziende kwa walio tayari kucheza Jumapili ijayo: kipa na mtaalamu wa kona fupi, kwa sababu pigo la kona fupi huamua mechi nyingi zilizobanana. Nne ziwe za kukuza, na angalau mbili kati ya hizo zitoke nje ya shule zenye majina: Mbita, Ahero, Bondo, popote ambapo mtu wa klabu hajawahi kufika.

Kisha kuna jambo ambalo wabishi wetu hawalitaji. Kumchagua msichana wa miaka 16 si kumwandika jina tu. Mzazi aketishwe, aelezwe ratiba, nauli na masomo. Safari za usiku za kutoka Nairobi ziwe na mama msimamizi anayejulikana kwa wazazi. Klabu isiyoweza kuahidi hayo haina haki ya kubishania vipaji vya watu. Na wachaguzi wawe zaidi ya mmoja, wamtazame kila mtoto zaidi ya mara moja, waandike sababu zao kabla ya kujadiliana, ili sauti ya mkubwa isizimishe macho ya wengine. Panapokuwa na maandishi, hata fununu za undugu na hongo hukosa pa kushikia.

Mwisho, wasitupe majina ya walioachwa. Wayaweke kwenye daftari pamoja na sababu za kuwaacha, kisha baada ya miaka mitatu walifungue na kuangalia nani anacheza wapi. Daftari hilo litawafundisha kuchagua kuliko makala yangu, na huenda ndani yake wakakuta jina la msichana ambaye hajakata tamaa na bado hana timu.