Makato yako ya SHA hayamlipii shosho

Ukiangalia pesilipu yako mwisho wa mwezi, utaona SHA imekata asilimia 2.75. Kwa mshahara wa Sh30,000, hiyo ni Sh825. Wengi wetu tunajiambia poa, angalau wazee nyumbani wako sawa. Wapi! Pesa hizo ni za kukutibu wewe, mkeo au mumeo, na watoto. Shosho hayumo.

Shosho anajisajili kivyake. Hana ajira, kwa hivyo anaulizwa maswali: ukuta ni wa nini, paa ni la nini, choo ni cha aina gani. Majibu ndiyo huamua atalipa ngapi, na haiwezi kuwa chini ya Sh300 kwa mwezi, tena za mwaka mzima kwa mpigo. Hizo ni Sh3,600. Sasa mfikirie mzee wa miaka 75 anayetegemea Sh2,000 za Inua Jamii kila mwezi. Bima inameza karibu pesa za miezi miwili. Na yale mabati mapya uliyomwekea ulipopata kazi mjini yanaweza kumfanya aonekane sonko.

Ndio, ukisajiliwa tu unatibiwa bure kwenye zahanati na kituo cha afya. Lakini nyonga ikivunjika, zahanati itakusaidia nini? Kulazwa na upasuaji vinataka bima iliyolipiwa.

Kinachoniudhi ni kwamba serikali inawajua hawa watu. Inua Jamii ina majina na vitambulisho vya wazee wa miaka 70 kwenda juu, na watu wenye ulemavu mkubwa. Enzi za NHIF, pamoja na uozo wake wote, kulikuwa na mpango wa kuwalipia bima watu waliokuwa kwenye orodha za aina hiyo. Sasa mbona mtu mwenye kiti cha magurudumu alipe boda akathibitishe tena kwamba ni maskini?

Oktoba 2025 Rais Ruto alizindua mpango wa kuwalipia watu milioni 2.2 wasiojiweza. Fiti. Ila usidhani tu kwamba wako yumo. Wikendi hii mpigie shosho, chukua nambari ya kitambulisho, ingia *147# uone kama amesajiliwa na kama bima yake imelipiwa. Ukikuta haijalipiwa, na unaweza kuchanga na mabinamu zako, lipeni kabla hajaugua. Halafu mwende kwa chifu mkaulize majina ya wanaolipiwa pale kijijini yaliteuliwa vipi.