Lambo Hulindwa, Haliachwi

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la udongo la Patel huko Solai, Nakuru, nchini Kenya, lilipasuka wakati wa mvua kubwa. Watu wasiopungua 47 walipoteza maisha. Sisi wa Kagera yatupasa kulikumbuka jambo hilo kila masika yakaribiapo.

Katika mabonde kama ya Kanazi, lambo ni neema: hunywesha mifugo na bustani wakati wa kiangazi. Lakini tuta la udongo lina maadui wawili. Wa kwanza ni maji yapenyayo. Yakitokea upande wa pili yakiwa na tope, yanalila tuta lenyewe. Wa pili ni kuziba kwa utoro, maji ya ziada yakakosa njia na kupita juu ya tuta.

Ndugu zetu wa Bumbire na Goziba wasidhani haya hayawahusu; tope la bara huishia ziwani.

Twawasihi viongozi wa vijiji na wilaya: kila lambo liwe na mlinzi, kipimo cha kina cha maji, na daftari litakalokaguliwa na mhandisi kabla ya mvua. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inagusa usalama wa mabwawa. Lakini sheria haitembei juu ya tuta. Atembeaye ni mtu.