Filamu za Pwani zinanuka siki, tuzinakili leo

Leo naziweka kando lugha za programu nizungumzie ugonjwa wangu mwingine: kukusanya filamu kuukuu za milimita 8 na kuzigeuza ziwe za dijitali.

Kodak ilitoa filamu ya milimita 8 mwaka 1932, kisha Super 8 mwaka 1965. Kamera zake zilikuwa ndogo, na watalii walikuja nazo mpaka fuo zetu za Tiwi na Diani. Filamu nyingi waliondoka nazo. Chache zimebaki huku, kwenye maboksi. Mikanda hiyo mingi ni ya asetati, na adui zake ni joto na unyevu, vitu ambavyo Tiwi tunavyo tele. Ukianza kuoza, mkanda hunuka siki, hujikunja, na mvuke wake huharibu mikanda jirani. Hauponi tena.

Watu huniuliza bei ya skana. Jamani, mashine si tatizo! Kamera ya dijitali yenye lenzi ya kupigia vitu vidogo, taa nyeupe na subira vinatosha kuanzia. Rili ya Super 8 ya futi 50 ina picha 3,600, yaani dakika 3 na sekunde 20 kwa mwendo wa picha 18 kwa sekunde. FFmpeg, ambayo ni programu huria, itaziunganisha bila malipo. Ila tafadhali usiziendeshe kwa 25, wazee wetu wakaonekana wanakimbia kama katuni.

Tatizo ni majina. Filamu nyingi za aina hii hazina sauti wala maandishi. Yule mvuvi anayesukuma ngalawa ni nani? Na yule mama aliyejitanda leso? Kompyuta haijui. Anayejua ni mzee wa miaka themanini pale mtaani, naye hana nakala ya akiba.

Bristol Archives, Uingereza, wana hazina kubwa ya filamu za enzi ya ukoloni, nyingine zilipigwa na familia za Wazungu Afrika. Kuzihifadhi ni jambo jema. Lakini msimamo wangu ni huu: iwe Bristol au Tiwi, kazi haijaisha mpaka filamu ionyeshwe kwa watu waliomo ndani yake. Tundikeni shuka jeupe, waiteni wazee, andikeni majina, waachieni nakala. Na mkanda wenyewe msiutupe, maana diski nazo hufa.

Je, kwenu kuna boksi mvunguni? Lifungueni leo, mnuse.